Tairi la Nyuma, Upande wa Kushoto

Kiseke, Jumamosi jioni

Kabula mwanangu,

Barua ya kawaida huanza kwa kuulizia hali, halafu mwandishi anasema yeye ni mzima wa afya. Mimi sina haja hiyo, maana hali yako naiona kupitia dirisha. Uko uani unabishana na mama yako kuhusu mablanketi. Yeye anasema ubebe manne, wewe unasema gari lina mablanketi yake. Mimi nimejifungia sebuleni, nimewaambia naangalia taarifa ya habari, na televisheni nimeizima sauti ili niandike.

Sikuandikii kukuhimiza ule vizuri, ulale mapema na uwe mwangalifu na watu wa Musoma usiowajua. Hayo mama yako ameyasema mara tatu tangu asubuhi, na bado ana kesho. Mimi nataka kukuandikia juu ya upepo wa matairi. Najua utacheka, kwa sababu siku hizi unaujua kuliko mimi. Nakuomba uisome barua hii kabla hujawasha gari, siyo ukishafika. Mwishoni utaona kwa nini.

Nianze na Alhamisi ya wiki iliyopita, siku uliyoleta lile gari hapa nyumbani kwa mara ya kwanza. Kempa, kama mnavyoliita huko kazini, gari la kusafirisha na kulaza watalii. Nusu ya mtaa ilikuja kuliangalia. Jirani yetu Mama Neema alichungulia ndani, akaona vitanda, jiko na kile chumba kidogo cha mwisho, akauliza, "Kwa hiyo mnatembea na choo chenu?" Ukamwambia ndiyo. Akasema wageni wana mambo.

Ilikuwa saa nane mchana na wewe ulikuwa umetoka kuzunguka nalo mjini tangu asubuhi. Nikalizunguka mara moja. Nikalipiga tairi la mbele kwa kisigino, nikaenda nyuma, nikagonga kwa spana na kusikiliza. Kisha nikasema, kwa sauti ambayo Mama Neema angeisikia, "Yamezidi haya. Lete geji tuyapunguze."

Wewe ukachuchumaa, ukaweka kiganja juu ya valvu. "Hapana baba," ukasema. "Saa nane hii, yametoka kwenye lami, yana moto. Tutapima kesho asubuhi kabla jua halijayachoma."

Ulisema kwa adabu, wala hukupandisha sauti. Mimi nikaingia ndani, nikakataa chai, nikasema tumbo linaniuma. Mkadhani mzee amekasirika kusahihishwa na binti yake mbele ya majirani. Niliwaacha mdhani hivyo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeogopa. Ulichoniambia pale nilikuwa nimekijua kwa miaka kumi na mitatu, na bado mguu na mdomo wangu vilikwenda vyenyewe kufanya kile kile cha zamani.

Unaikumbuka karakana yangu ya Kirumba, karibu na uwanja wa mpira, kabla hatujahamia huku. Wateja wangu karibu wote walikuwa magari ya Mwaloni, soko la samaki. Dereva akiingia, sikumuuliza kitabu cha gari lake kinasema nini. Nilimuuliza swali moja tu: umebeba nini? Akisema dagaa, najua. Akisema sangara na barafu, najua zaidi. Naangalia mzigo ulivyopanda na kamba zilivyokazwa, napiga kisigino, nagonga, nasikiliza, basi. Geji ilikuwepo, ilining'inia ukutani, na niliitoa kwa wateja wanaopenda kuonyeshwa namba. Watu wa Mwaloni walikuwa wakisema mguu wa Baba Kabula ni geji tosha. Nami, niseme ukweli, kichwa kilivimba.

Wakati huo wewe ulikuwa darasa la nne. Mjomba wako Magesa, mdogo wake mama yako, alikuwa dereva wa gari la madaktari wa macho. Lilikuwa gari la aina ya hili lako, lenye vitanda vinne, jiko, friji ya dawa na tangi la maji chini ya sakafu. Madaktari walizunguka nalo vijiji vya kando ya ziwa na kulala humo humo. Kwa mjomba wako ile haikuwa kazi tu. Alikuwa mtoto wa mvuvi wa Majita aliyekabidhiwa ufunguo wa gari kama lile. Bibi yako, mama yake mzazi, alikuwa akilitaja kanisani kila Jumapili, hata pale ambapo mahubiri hayakuhusiana kabisa na magari.

Siku ninayoizungumzia alifika kwangu saa tisa alasiri, ametoka Misungwi, jua limewaka. Alfajiri ya siku iliyofuata alikuwa aondoke na madaktari kwenda Bunda. Alitaka nimkagulie matairi kwa macho tu, nione kama kuna msumari au mpasuko. Mimi nikagonga. Sauti ikawa kavu. Nikatoa geji ukutani, maana alikuwa shemeji yangu na nilitaka kumwonyesha, ikasoma pauni tisini na mbili.

"Yaache, shemeji," akaniambia. "Asubuhi nimeyapima yalikuwa themanini na mbili. Hilo ni joto la njiani."

"Joto gani hilo linaleta pauni kumi? Halafu gari lenyewe halina mzigo. Unataka kuwavunja madaktari migongo?"

"Lina mzigo, shemeji."

"Uko wapi?"

Nikafungua mlango nikachungulia. Vitanda vimetandikwa, vikombe vimetundikwa kwenye misumari, sakafu imepigwa deki. Hakuna gunia, hakuna tenga, hakuna kamba. Kwangu mimi mzigo ulikuwa kitu kinachoonekana, kinachonuka, kinachopandishwa na vijana kwa kelele. Nikacheka. "Huu ndio mzigo? Vikombe?"

Naye akacheka. Mimi ni mume wa dada yake, nimemzidi umri, na pale palikuwa kwangu. Alisimama ameshika ufunguo akiniangalia nikiyapunguza matairi yote sita mpaka pauni sabini na tano. Yale mawili ya ndani yalinisumbua, nikaingiza mkono mpaka bega, lakini niliyafikia. Nikafunga vifuniko nikamwambia kesho utaendesha kama umekaa kwenye sofa.

Alfajiri yake hakupima. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Alikuwa mtu wa kupima kila asubuhi, na asubuhi ile moja hakupima, kwa sababu alikuwa amepimiwa na mimi. Angepima yakiwa yamepoa angekuta sitini na kitu.

Wamepita Lamadi, kama saa mbili hivi, tairi la nyuma upande wa kushoto, lile la ndani, likapasuka. Mwenzake akabeba uzito wa mawili, naye hakufika mbali. Gari likavutwa pembeni, likatoka kwenye lami, likaingia kwenye majaruba ya mpunga na kulala ubavu. Hakufa mtu. Muuguzi mmoja alivunjika mkono. Mguu wa mjomba wako ulibanwa chini ya usukani, na ulipopona ukawa mfupi kuliko mwenzake.

Habari ilinikuta karakana. Kwanza niliuliza kama wamepona. Swali langu la pili lilikuwa alikuwa anakwenda mwendo gani. Wakati ule sikuona ubaya wowote katika swali hilo, na watu walionizunguka wakalichukua. Kabla ya jioni, Kirumba nzima ilikuwa inasema Magesa alikuwa anakimbiza.

Alipotoka hospitali tulikaa kikao kwa bibi yako, Majita. Wewe hukuwepo, tulikuacha kwa shangazi yako. Mjomba wako alikaa kwenye kiti, mguu umenyooshwa juu ya stuli, akasema sentensi moja: "Sikukimbiza. Nilikuwa kwenye sitini." Akaniangalia. Bibi yako naye akaniangalia, akauliza, "Baba Kabula, wewe ndiye fundi. Inawezekana hiyo?"

Nikasema, "Tairi halipasuki lenyewe, mama. Mimi nililiacha sawa."

Angeweza kunijibu pale pale kwamba aliniambia niyaache. Hakusema. Aliangalia mguu wake, kisha akaomba maji ya kunywa. Mpaka leo sijui kama alinyamaza kwa heshima, au alikuwa ananipa nafasi niseme mwenyewe.

Nataka uelewe kwamba siku ile sikuwa nasema uongo. Niliamini. Nilikuwa na hakika na mguu wangu kama ninavyokuwa na hakika kwamba kesho ni Jumapili. Wenye gari wakamwachisha kazi. Hakuna aliyempa gari tena, kwa sababu alikuwa yule dereva aliyelaza madaktari kwenye mpunga. Akahamia Bunda, akalima, akanunua ng'ombe wawili watatu. Kwetu akaacha kuja. Ulikuwa ukimuulizia sana mwanzoni, na tukakujibu kwamba mjomba ana shughuli. Ulipokua tukakujibu lile jibu lingine, kwamba alikimbiza gari. Wakati unajifunza udereva, mama yako alikuwa akikuaga kila asubuhi kwa maneno yale yale: "Usiendeshe kama mjomba wako." Mimi nilikuwa hapo hapo mezani, nakunywa chai.

Sasa nikwambie nilivyojua.

Ilikuwa miaka miwili baada ya ajali. Niliitwa Magu, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, kubadilisha tairi la lori lililokwama karibu na mizani. Nikiwa chini na jeki, likaja gari-nyumba la watu waliokuwa wanapima barabara. Dereva wake alikuwa mzee wa Kihaya, mwembamba, amevaa kofia ya sufu kwenye joto lile. Akamwomba karani wa mizani amruhusu kupima. Akapandisha magurudumu ya mbele peke yake, akaandika kwenye kipande cha boksi. Akapandisha gari zima, akaandika. Akasogea mbele yakabaki ya nyuma, akaandika tena.

Nilitazama namba ya nyuma kwenye kioo cha mizani. Ilikuwa tani tatu na zaidi, na mlango ulikuwa wazi, naona hakuna hata gunia. Nikamuuliza swali langu la siku zote, "Umebeba nini, mzee?"

"Nimebeba nyumba," akasema.

Nikadhani ananitania. Akanihesabia kwa vidole: maji lita mia tatu, mitungi ya gesi, betri nne, jenereta, friji, mbao za vitanda, vyombo, na watu watano wenye mabegi yao. Akasema lori la pamba hushusha mzigo wake hapa kiwandani na kurudi jepesi, lakini gari-nyumba haliushushi kamwe, linaubeba hata likiwa limeegeshwa mwezi mzima. Nikamwambia matairi yake naona yamejaa sana, nimpunguzie. Akaweka mkono juu ya valvu, kama ulivyofanya wewe.

"Kesho asubuhi," akasema. "Saa hizi yanadanganya."

Nilikaa juu ya lile tairi bovu nililolitoa. Nikapiga hesabu ya pauni sabini na tano za alasiri, nikatoa joto, nikaweka tangi la maji na friji ya dawa. Sikuhitaji kuwa msomi. Utingo wa lori akaja kuniuliza kama najisikia vibaya. Nikamwambia ni jua.

Miaka miwili ya kwanza sikujua. Miaka kumi na mitatu iliyofuata nilijua. Hii ya pili ndiyo ninayokuandikia.

Bibi yako alikuwa bado hai. Aliishi miaka mitatu baada ya siku ile ya Magu. Nauli ya Majita nilikuwa nayo, na Jumamosi zilikuwepo za kutosha. Kila nilipopanga kwenda, alitokea mteja, na kila mteja alipotokea, nilifurahi. Bibi yako alifariki akimwombea mwanawe kwa Mungu asamehewe haraka zake. Wewe ulikuwa bwenini shuleni, hukuwepo; mimi nilikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Mjomba wako alikuwa upande wa pili, anachechemea, na jeneza likawa linayumba upande wake, watu wakampokea. Naliona hilo kila ninaposikia wimbo wa kuzikia, na hakuna siku limekuwa jepesi.

Nilichofanya badala ya kusema ni kubadilisha kazi yangu kimya kimya. Tangu siku ile sikupunguza tena tairi la moto. Lakini sikumweleza mtu sababu. Dereva akija alasiri nilimwambia geji imeharibika, aje kesho asubuhi. Geji yangu iliharibika kila alasiri kwa miaka kumi na mitatu. Madereva walinitania, "Mzee, nunua basi geji nyingine," nami nikacheka nao. Nikaanza kuuliza habari za matangi ya maji na betri. Nikawa fundi mzuri zaidi, sifa zikaongezeka, na kila sifa ilinikuta nikiwa nimekaa juu ya mguu wa mtu. Karakana nilijizuia vizuri. Ila Alhamisi ile, mbele ya majirani, nilitaka waone kwamba binti anaendesha lakini baba bado ndiye fundi, na ule ujinga wa zamani ukarudi wote kwa dakika moja.

Halafu ikaja Jumatatu. Uliniomba nikupeleke kwenye mizani ile ile ya Magu, kwa sababu kazini walikupa kijitabu chenye jedwali la uzito na upepo, lakini hakuna aliyewahi kulipima gari lenyewe likiwa limejaa. Nikataka kukataa, sikupata sababu. Ulijaza tangi mpaka juu, ukaweka mitungi miwili ya gesi, ukanikalisha mimi kiti cha mbele na mama yako kitandani nyuma, awe mtalii. Akakaa na mkoba wake mapajani, akauliza kama watalii huruhusiwa kusinzia. Karani alicheka mpaka akasahau kusoma namba, ukamwomba arudie.

Mimi nilikuwa sijawahi kuona mtu akipima gari upande mmoja mmoja. Wewe ulipandisha magurudumu ya nyuma ya kushoto pekee, ukashusha, ukapandisha ya kulia. Nyuma kushoto pakawa pazito zaidi kwa karibu kilo mia mbili, kwa sababu jiko, friji na tangi vyote vimewekwa upande huo. Ukafungua jedwali, ukasoma kwa upande mzito, ukasema pande zote mbili zitapata upepo huo huo, na kwamba ile namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo chake tu, siyo kipimo cha kujazia. Uliyasema bila kujionyesha, umechuchumaa na kalamu mdomoni. Nilijisikia fahari sana, Kabula. Sijakwambia, nakwambia sasa.

Hapo mama yako akatoa kichwa dirishani, akasema, "Magesa angekuwa makini hivi, leo angekuwa na mguu wake."

Nawe ukatikisa kichwa kukubali.

Tulirudi Mwanza nimeegemea dirisha. Mlidhani nimechoka. Ilinichukua siku nne. Jana, ulipokwenda kuwaaga rafiki zako Kirumba, nilimkuta mama yako akichambua mchele, nikakaa kwenye kigoda mbele yake nikamweleza yote, kuanzia vikombe mpaka yule mzee wa Kihaya. Hakuinua macho. Aliendelea kutoa mawe, akiyaweka moja moja ukingoni mwa ungo. Nilipomaliza aliniuliza jambo moja tu.

"Mama alijua?"

Nikasema hapana.

Akanyanyuka na ungo wake akaingia ndani. Jana alilala chumbani kwako, ukafurahi, ukadhani ni kwa sababu unaondoka. Huenda ilikuwa hivyo pia. Leo ananisemesha vizuri, ananiletea chakula, ananiuliza kama chumvi imetosha. Ni namna anavyowasemesha wageni.

Sikuandikii ili unihurumie, wala sina fundisho kubwa la kukupa. Kosa la kupunguza upepo lilikuwa la mtu asiyejua, na naamini ningelisema mapema watu wangenisuta mwezi mmoja, wakaniita Baba Vikombe, yakaisha. Hata pale Magu ningeweza bado. Nilidhani nikinyamaza jambo litabaki lilivyo. Halikubaki. Mjomba wako alizidi kuwa mkimbizaji kila mwaka, mpaka wewe, uliyekuwa ukimpenda kuliko wajomba wako wote, ukatikisa kichwa pale kwenye mizani. Hilo silo alilolifanya yeye. Nililifanya mimi, kidogo kidogo, nikinywa chai.

Kuhusu kazi, niseme hili moja. Utakutana na watu wenye sifa barabarani, mafundi wa miaka thelathini, watakaokwambia acha nikushughulikie. Waache wakushughulikie, kisha upime baada yao. Mimi nimo kwenye hesabu hiyo. Kesho nitaamka kabla yako, kwa mazoea, na nitakuwa nimeshalizunguka gari nikiwa na maoni. Usinisikilize. Toa geji yako upime mbele yangu, yote sita, na yale ya ndani uyapime hata kama utachafua shati la safari. Safari hii sitaumwa tumbo.

Sasa lile jambo la mwisho.

Leo saa tisa nilimpigia simu mjomba wako. Namba niliitoa kwenye simu ya mama yako, na aliniona nikiinakili. Mjomba wako alipokea. Nilipojitaja akasema, "Shemeji?" kama mtu anayejaribu neno aliloliacha muda mrefu. Nikamwambia. Nilikuwa nimeyaandika kwenye karatasi ili nisiruke kitu, na sikuruka. Nilimwambia aliniambia niyaache nami sikuyaacha. Nilimwambia nimejua tangu lini. Nilimwambia kuhusu mama yake. Nilisikia ng'ombe upande wake, na mtoto anaita. Kisha simu ikakatika. Siyo mtandao, alikata.

Nilikaa na simu mkononi. Sikumlaumu, wala silaumu sasa. Ningekuwa yeye nisingepokea kabisa.

Ilipita kama saa nzima, akapiga yeye. Hakusalimia. Alisema, "Dada aliniambia mtoto anahamia Musoma, anaendesha gari kama lile."

Nikasema ndiyo, kesho.

"Gari lake lina rangi gani?"

Nikamwambia jeupe, lina mstari wa kijani ubavuni.

"Anapita Bunda saa ngapi?"

Nikamwambia akiondoka hapa kumi na mbili, atapita saa tatu, au tatu na nusu. Akasema haya. Akakata tena.

Hakusema atafanya nini, nami sikuthubutu kumuuliza. Inawezekana anataka kukuona tu ukipita, naye amekaa mbali. Inawezekana hatatoka kabisa. Lakini ukiikaribia Bunda punguza mwendo kuliko kibao kinavyosema, uangalie pande zote mbili za barabara. Ukimwona mwanaume amesimama, ameegemea mguu mmoja zaidi kuliko mwingine, egesha, uzime gari, ushuke. Usiniombee msamaha. Huo ni wangu, na nitaufuata mwenyewe kwa miguu yangu miwili mizima, mama yako akikubali tuongozane au akikataa. Wewe mpe shikamoo yake. Ana miaka kumi na mitano hajaipata kutoka kwako. Kisha usubiri, na asipoitikia haraka, endelea kusubiri.

Baba yako